Nyeusi, Kijivu na Vidole Vyangu Mbili

Kabalagala, Kampala

Hapana kaka, hawajanikata mkono. Hao waliokufikishia habari Butembo wameongeza chumvi. Ni vidole mbili tu, kile kidogo na jirani yake, tena vya mkono wa kulia, huu ambao mwalimu wetu wa darasa la tatu alisema hauna faida kwa taifa. Zingine tatu zimebaki na ndiyo zinashika hii bic. Ukiona herufi zinalewa, ujue si waragi.

Sasa nikusalimie vizuri kabla hujasema Kampala imenimaliza adabu. Kaka yangu mkubwa Valère, habari ya nyumbani? Shemeji Olivia yuko aje? Watoto wanasoma ao wanakimbiza mbuzi tu? Na mgongo wako, umepona na kupakia magunia? Huku sisi ni wazima, mimi na mdogo wetu Annick. Tunakula, tunalala, mvua inapitia kwa bati, Mungu anatuona.

Barua yako Ulrich dereva aliileta mkononi. Umeniuliza maswali mawili. La kwanza umeandika kwa herufi kubwa mpaka karatasi ikatoboka: nani alinikata, na anakaa wapi. La pili umelificha pale chini kama mtu anaomba sukari: mashine gani ya gemu ni mzuri, maana unataka kufungua kibanda kama changu. Halafu umeongeza kwamba panga umeshainoa na unangoja tu lori ya Ulrich irudi. Nitajibu yote, lakini naanza na mashine. Usiruke, kaka. Najua wewe ni mtu wa kuruka. Bila kuelewa mashine huwezi kuelewa vidole.

Iko gemu moja ya kupigana, sisi tunaiita Chinja-Chinja. Jina lake la ukweli limeandikwa kwa Kijapani na hakuna mtu Kabalagala mzima anaweza kulisoma, hata wale wanasema walisoma. Mama yake na hiyo gemu ni Kabati. Ni sanduku kubwa, refu kama wewe, liko ndani ya baa moja kule Kansanga, unasimama mbele yake unapiga vifungo. Kwa Kabati damu inaruka mpaka unajifuta uso. Adui akianza kuyumba kama mlevi, unafanya mbele, nyuma, nyuma, ngumi, na kichwa chake kinaondoka kinadunda chini, pu, pu, pu. Watu wanapiga makelele kama harusi.

Sasa Wajapani walitengeneza watoto wa hiyo gemu, kaseti za kuchezea nyumbani kwa televisheni, na kila mashine iko na mtoto wake. Mimi kwa kibanda niko nazo mashine tatu: ya Kichina, na mbili tunaziita kwa rangi zao, Nyeusi na Kijivu. Ya Kichina achana nayo. Wapiganaji ni wanne badala ya wanane, wote sura moja kama watoto wa baba mmoja, na ukipiga ngumi leo inafika kesho. Nyeusi rangi zake ni kama maji ya mtaro, sauti yake ni chura ndani ya jerikeni, lakini damu iko na kichwa kinakatika. Mkono uliojifunza kwa Kabati unafanya kazi kwa Nyeusi. Kijivu sasa, banange! Kijivu ni picha safi kama kalenda ya ukutani, muziki kama misa ya Pasaka. Ukiitazama tu utasema hii ndiyo Kabati yenyewe. Lakini walitoa damu, nafikiri ili watoto wa wazungu walale vizuri. Mtu akipigwa anatoka jasho. Na ukifanya mbele, nyuma, nyuma, ngumi, mpiganaji wako hakati kichwa. Anarudi hatua, anaweka mikono pamoja, anainama kumsalimia adui. Anainama vizuri sana, polepole, kama mkwe anaingia ukweni.

Shika hapo. Sasa nakuja kwa Cleopas.

Cleopas alikuwa askari kwenye vita ile iliyoleta serikali hii. Sasa analinda mlango wa baa hiyo yenye Kabati. Ni mtu mrefu, shingo kama gogo, watu wote wanamwita Afande. Kwa Kabati hakuna mtu alikuwa amemshinda. Alikuwa anacheza na Kipara, yule mpiganaji wa upanga, na hakuwa anamaliza mtu bila kumkata kichwa. Aliniambia siku moja kwamba kumwacha adui na kichwa chake ni kumdharau.

Akasikia kwamba kwangu kuna mtu hashindwi. Akasema atakuja na watu wake wa Kansanga amfundishe. Aliyekuwa hashindwi ni Annick. Wewe ulimwacha anasukwa nywele, sasa anasuka watu. Akishinda kibandani kuniangalizia wateja, anashika maneti, hiyo ya kubonyeza na vidole, anacheza na Msuko, yule mwanamke wa nywele ndefu, mpaka wanaume wanarudi nyumbani bila kuongea.

Kwangu kuna sheria. Mgeni ndiye anachagua mashine. Na mlangoni kuna kreti ya soda, kila mtu anayekuja kwa mashindano anaacha humo chupa, kisu, mkanda, hata ufunguo mkubwa. Ukitaka kuua, uue ndani ya televisheni. Cleopas alifuata sheria, hiyo nitamsifu. Aliacha kisu chake cha jeshi kwenye kreti, akaingia, akatazama mashine zangu zote zikiwaka, akachagua Kijivu.

Nilimwambia, kaka. Mbele ya watu nilimwambia Afande, hiyo haina damu, hiyo itakuaibisha, chukua Nyeusi. Lakini mimi nimewadanganya hawa watu mara ngapi? Nilishawauzia betri zilizokufa nikisema zimelala tu. Wakacheka wote. Cleopas akasema nimeogopa, ndiyo maana nataka kumsukumia ile mbovu ya rangi ya mtaro. Akauliza wenzake kama wameshaona muuza nyanya anayesema nyanya zake zimeoza. Akakaa.

Ilikuwa Jumapili mchana, blanketi nimetundika dirishani ili picha ionekane, ndani giza na joto, watu wa Kansanga benchi la kushoto, watu wetu kulia, wengine juu ya magunia. Raundi ya kwanza Cleopas akashinda. Ya pili Annick. Ya tatu Kipara alimfinya Msuko kwenye kona, ngumi, teke, upanga, mpaka Msuko akaanza kuyumba. Kofi moja tu lilikuwa linatosha kumlaza. Lakini Afande hawezi kumwacha mtu na kichwa chake. Akainuka kabisa kutoka kwenye benchi, akapaza sauti watu wamtazame huyo malaya wa nywele anavyochinjwa, na vidole vyake vikafanya mbele, nyuma, nyuma, ngumi.

Kipara akarudi hatua. Akaweka mikono pamoja. Akainama.

Nilisikia mpaka nyama ya jirani yetu Joska inachomeka nje. Msuko akaamka kwenye kizunguzungu, akamtandika teke la meno, na Kipara akalala. Imeisha.

Basi watu wangu walianza. Mmoja akalia Afande amechumbia! Mwingine akasema leteni mbuzi za mahari! Mwingine akamwomba apige na saluti, shemeji anangoja. Hata watu wake wa Kansanga walikuwa wanauma midomo. Na Annick, huyu mdogo wetu asiyejua kunyamaza, akamgeukia akamwambia inuka, mwanangu, nimekubariki.

Cleopas aliiendea Kijivu. Alichomoa kaseti, akaitazama juu na chini, akauliza ni mganga gani aliyeifunga. Akatoka. Nikafikiri ameenda kunywa maji. Kumbe kisu chake kwenye kreti hakukigusa. Alienda kwa Joska, yule mama anayechoma nguruwe mlango wa pili, akachukua panga juu ya gogo lake, bado ina mafuta.

La kwanza lilipiga televisheni. Kioo kililipuka kama bomu, vipande vikaingia watu usoni, na hapo hapo giza. Nilisikia anaita Annick kwa jina, anakata hewa akifuata sauti yake. Benchi likavunjika. Kansanga wakadhani Kabalagala wameanza, Kabalagala wakadhani Kansanga wameanza. Mtu alimng'ata mtu sikio, na mpaka leo hatujui ni sikio la nani lilibaki chini ya mkeka. Mimi nilimrushia Cleopas ile ya Kichina, ikavunjika kifuani kwake kama biskuti, hakuhisi. Nikamwona Annick kwenye ukuta, mwanga kidogo ukipitia tundu la blanketi, na panga likishuka. Nikaweka mkono.

Haiumi pale pale, kaka. Ni baridi tu. Halafu nikasikia kitu kizito, kop, kama nazi, na Cleopas akaanguka uso kwanza juu ya vioo. Alilia kama ng'ombe. Damu yake na yangu zilichanganyika pale chini mpaka hata daktari asingejua ipi ni ya nani, na mimi nikatambaa kwa magoti nikitafuta vidole vyangu kama mtu aliyeangusha funguo. Nilipata kimoja. Mbwa wa Joska alipata cha pili.

Kilichompiga kilikuwa Nyeusi. Basi hapo nimejibu swali lako la pili: nunua Nyeusi. Ilipasua kichwa cha askari, Joska akaisafisha kwa kitambaa na kuchomoa nywele kwenye tundu la kaseti, nikaichomeka, ikawaka. Ukinunua Kijivu utapata uzuri bila ukweli.

Hospitali walitulaza kitanda na kitanda, mimi na Cleopas, maana waliotuleta walitushusha pamoja kama mizigo. Jicho lake la kushoto limekufa. Kioo kiliingia. Siku aliyoweza kuongea aliniuliza nani alimpiga. Nikasema mimi. Halafu akasema ngumu kuamini, mtu ametoka kukatwa vidole. Nikamuuliza, wewe ulifikiri hizo mbili ndizo zilikuwa za kazi? Akacheka mpaka mshono ukatoa damu.

Wadogo zake, wanaopakua mizigo Port Bell, walikuja na vyuma ndani ya gunia, wanataka kunimalizia kitandani. Yeye ndiye aliwazuia. Aliwaambia vidole kwa jicho, mwanaume na mwanaume, imeisha, na atakayeifungua atamkuta yeye. Wakaondoka. Sasa tunasalimiana. Ananiita Nane, kwa sababu ya vidole. Mimi namwita Tochi Moja.

Sasa kaka, funga mlango. Kama shemeji Olivia anakusomea, mwambie akapike. Ukimaliza, barua hii iwashie makaa. Na mama mdogo Julienne asijue hata nukta, yule ndiye redio ya mpaka wote wa Kasindi.

Si mimi niliyempiga. Mimi nilikuwa chini nimeshika mkono wangu. Ni Annick. Aling'oa Nyeusi na nyaya zake, akampiga kwa nyuma kwa mikono miwili, na alipoinama, kaka, akampiga tena. Lile la pili ndilo lilimsukumia kwenye vioo. Joska alimwona anatoka na mashine imelowa, akamnyang'anya, akamvisha aproni yake, akamwambia ageuze nyama. Anajua Joska, anajua Annick, ninajua mimi, na sasa wewe.

Unaelewa kwa nini nimekuambia usiruke? Jicho lililotolewa na mwanaume wamelikubali. Lakini jicho lililotolewa na msichana ambaye yeye Cleopas alimwinamia mbele ya watu, na msichana akambariki, akamwita mwanangu! Hiyo hata Cleopas mwenyewe hawezi kuizuia, na sijui kama angetaka. Ukija na panga, utamkata, au atakukata. Vyovyote, wale wa Port Bell wataanza kuuliza upya ile Jumapili ilikuwaje, nani alikaa wapi, nani alishika nini. Watu waliokuwemo ni wengi na pombe ni nyingi. Annick sasa analala na viatu. Nikifungua mlango usiku kwenda kukojoa, namkuta ameshakaa. Maneti hagusi tena.

Basi nakupa dili, na wewe unajua dili zangu: betri zimelala tu. Hii lakini ni nzima.

Panga unamwachia mama mdogo pale Kasindi, mwambie ni ya kulimia. Unakuja na Ulrich, mikono mitupu. Tunaenda Kansanga, kwa Kabati. Nimeshaongea na Cleopas, amekubali kupigana na wewe pale mbele ya watu wote, wadogo zake wakiwepo. Yeye ana jicho moja, kwa hiyo na wewe utafunga kitambaa kwenye moja lako, asiseme tumemwonea. Chukua Msuko. Mbele, nyuma, nyuma, ngumi. Pale kichwa kinakatika kweli, damu inajaa kioo. Mkate mara moja, mkate mara kumi, mkate mpaka mkono wako uchoke na moyo wako upoe. Halafu tunakaa chungu kimoja cha pombe ya malwa, mirija mitatu, wewe, mimi na yeye, na wote wanaona kwamba ukoo wetu umeshalipiza.

Asubuhi yake unarudi Butembo. Unabeba Nyeusi, zawadi yangu, na unabeba Annick akakufungulie kibanda. Watu watasema ameenda kumsaidia kaka yake biashara. Huko avue viatu alale.

Msalimie shemeji, wabusu watoto, mgongo uukande kwa maji ya moto. Ukikubali, mpe Ulrich neno moja tu aniletee: Kabati. Ukikataa, mwambie aniletee lile lingine, Kijivu, na mimi nitamficha Annick mahali ambapo hata wewe hutampata.

Ni mimi mdogo wako,
Guerschom Nane