Korongo Asiye na Mkia

Kizito mdogo wangu,

Huku Msanzi tu wazima, ulezi umevunwa. Babu ndiye aliyeniagiza nikujibu, na sasa ananichosha kwa kuuliza nimefika wapi.

Umeuliza utamwambiaje mwalimu kwamba amekosea. Unajua nilivyo mwoga, lakini sikia.

Nilipomaliza shule, Babu alipata kazi ya kwanza tangu majembe ya dukani ya Mwingereza yanyamazishe mivuo yake ya kupulizia moto wa uhunzi. Mwenye duka wa Sumbawanga alimletea mashine ya saa iliyovunjika kasha, aiundie umbo la waya. Ikikataliwa, Babu angebaki mzee wa kuota moto tu.

Akakunja waya wa shaba ukawa korongo, na shingo yake ndefu ikawa mshale wa dakika. Ilipendeza, ila ilidanganya: shingo ikishuka ilikimbia, ikipanda ilikwama. Babu akaifungua mashine mara tisa, akiitukana.

Mimi niliona siku ile ile kwamba shingo ni nzito upande mmoja. Nikanyamaza siku nne, nikichemka. Mwishowe nikasema, "Babu, korongo wako hana mkia."

"Mwanamke hasemi penye mivuo!"

Nikatoka nje, nikapaza sauti dirishani: "Hana mkia, Babu! Mwekee mkia wa kumsawazisha!"

Kisha nikasikia koleo likikata waya.

Saa ingali dukani, inakwenda sawa. Babu anasema niandike hivi: "Mjukuu wangu, mwambie mwalimu leo. Dada yako aliniacha siku nne nzima nikigombana na ndege."

Dada yako,
Skola