Siku Kompyuta Iliponipa Sifuri

Alhamisi, Cibitoke

Sikujua kama mtu anaweza kufurahia sifuri hivi.

Wiki nzima nimekuwa nikifanya hesabu za vekta kwa mkono, kisha naiuliza ile programu ya hesabu kwenye kompyuta ya chuo. Kila mara jibu lake halifanani na langu. Nafuta, naanza upya. Leo mchana nikamwambia Divine, ninayekaa naye benchi moja, kwamba naacha masomo narudi Uvira kwa mama.

Akaangalia karatasi yangu. "Aline, nani amekuambia umekosa?"

"Si hii mashine! Mi nimeandika mbili mara sinus mara kosinus, yenyewe inaleta sinus peke yake, ya pembe mara mbili."

"Apana lia," Divine akanituliza. "Chukua jibu lake, toa lako, kisha uiambie irahisishe."

Nikafanya hivyo. Ikaandika 0.

Majibu yalikuwa yale yale, yameandikwa kwa namna mbili tu. Tukajaribu mengine: sifuri, tena sifuri. Moja tu ndilo nililokosea kweli, kwa alama ya kutoa.

Machozi yakanitoka mbele ya watu. "We mutu wa ajabu," Divine akacheka, "unalia juu ya kupata?"

Mtihani bado naogopa. Kule hakuna kompyuta, na mimi na alama za kutoa...

Lakini Mungu ambariki Divine. Jioni mama amepiga simu, akauliza masomo yanaendaje.

"Iko muzuri, mama," nikamjibu, na safari hii ilikuwa kweli.