Msimamizi Wetu Mpya ni Mama Mkwe

Omurushaka,
Karagwe, Kagera.
28 Aprili 2025

Mpendwa Dada Benitha,

Shikamoo. Habari za huko Tunduru, na lile goti lako limepoa? Sisi hapa ni wazima. Placida hajambo, mtoto ameota meno mawili na anamng'ata kila anayembeba. Mvua ni nyingi na migomba imebeba vizuri.

Sasa nikupe ya kazini, ila kaa chini kwanza. Unajua mimi ni nyapara wa mafundi wanaojenga kiwanda cha kukoboa kahawa kule Mabira. Mtambo ulitakiwa ufungwe kabla msimu haujafunguliwa. Tukichelewa, mkandarasi anaiondoa timu nzima na kuleta nyingine. Tukiwahi, mimi nabaki pale kwa ajira ya kudumu.

Katikati ya hayo, mhandisi wetu Evaristi akahamishwa ghafla. Jumatatu iliyopita gari likamleta mbadala wake. Mlango ukafunguliwa, akashuka mama yake Placida! Nilijua ni mhandisi kule Mwanza, lakini huko Mwanza ndiko nilikopenda akae. Nilijirusha nyuma ya mifuko ya saruji.

Dada, wewe ndiwe uliyenifundisha: mama mkwe hatazamwi usoni, haguswi, wala huli mbele yake. Sasa huyo ndiye bosi! Naye ni mtu wa heshima zake. Akiniona tu, anageukia shambani. Ikabidi maagizo yapitie kwa Niyomugabo, fundi mwashi. Kikao cha asubuhi nilihudhuria kupitia dirishani, nimegeuza mgongo. Mama akipanda jukwaa, mimi siwezi kupita chini yake, nasubiri ashuke. Niyomugabo naye akavimba kichwa. Mama akisema tu zege lina maji mengi, yeye ananiletea hotuba nzima kuhusu uvivu wangu. Siku tatu tukafunga boliti nne. Mkandarasi akapiga simu: mtambo usipokaa ifikapo Ijumaa, wote nyumbani.

Alhamisi tukauinua mtambo kwa winchi. Mama alikuwa ameinama pale kwenye msingi, anakagua boliti. Nikaona mnyororo unateleza. Niyomugabo alikuwa ameenda kunywa chai! Nikapiga kelele mwenyewe: "Mama, toka hapo!" Hakusogea. Alidhani anaitwa mama anayetupikia, maana mkwe wake hawezi kumfokea. Basi nikamkamata mkono, nikamvuta, tukaanguka wote juu ya mchanga. Mtambo ukashuka kwa kishindo pale alipokuwa ameinama.

Mafundi wa kwetu wakatazama ukutani kwa aibu. Mama akainuka, akajikung'uta mchanga, akanitazama usoni kwa mara ya kwanza tangu nimuoe mwanawe.

"Gaudiosus, mtambo umekaa sawasawa?"

Nikaenda kupima. Dada, ulikuwa umeingia kwenye boliti zote nne!

"Umekaa, mama."

"Basi kaza nati."

Tukafanya kazi ana kwa ana mpaka jioni. Niyomugabo akarudi kwenye matofali yake amenuna. Jumamosi mtambo ukawaka, na barua ya ajira ninayo mfukoni.

Ila wazee wa ukoo wa kina Placida kule Nyakakika wamezipata habari. Wameniita Jumapili ijayo nijibu kosa la kumshika mkwe mbele za watu. Hata hamu ya bitoke, ndizi zetu za kupika, iliniisha. Leo mama amewajibu kwamba atakuja kukaa upande wangu, na kwamba nisingemshika, wangekuwa wameitwa msibani kwake. Sikuona aibu, machozi yalinitoka mbele ya mafundi wote.

Nisalimie sana shemeji Theoneste, pia Laurensia na wadogo zake. Mungu awatunze nyote na kuwapa afya.

Mama mkwe anakusalimu. Amesimama hapa hapa nyuma yangu, anasema barua imekuwa ndefu na kazi inangoja.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye siku zote,

Gaudiosus