Bomba la Tatu

Alhamisi. Upepo wa kiangazi umeanza tangu asubuhi na vumbi la Bariadi limeingia mpaka kwenye meno. Niko kwa Dada Rehema, mwenye duka la intaneti, kwenye ile kompyuta ya pembeni ambayo herufi M haikubali mpaka uipige kwa hasira. Leo hasira ninayo ya kutosha.

Nimeumbuka.

Kwa anayepita kwenye blogu hii mara ya kwanza: mimi ni mwalimu wa historia, lakini kwa miaka mingi nilikuwa mwalimu wa ufundi. Karakana ya shule ikafungwa, mashine zikapakiwa kwenye lori, nikaambiwa nishike historia kwa sababu vipindi vilikuwepo na mwalimu hakuwepo. Ndiyo mambo ya soko huria, kila mtu anabadilishwa kazi bila kuulizwa. Nilibaki na randa moja, patasi mbili na banda la bati nyuma ya nyumba. Na tangu mvua ziishe, chini ya banda hilo nimekuwa nikijenga manowari.

Ndiyo, manowari. Hapa hapa Bariadi, ambako maji mengi tunayoyajua ni ya lambo la kunyweshea ng'ombe. Usicheke, mke wangu ameshacheka kwa niaba ya wote.

Aliyeniagiza ni mjomba wangu Luhende, kaka yake mama, anayekaa Sapiwi. Mjomba ni ningi, yaani kiongozi wa ngoma na mtunzi wa nyimbo zake. Kwetu mavuno yakishaingia, makundi mawili huchezea uwanja mmoja, wakati mmoja, kila kundi na upande wake, na hakuna jaji wala karatasi ya maksi. Watu wanatembea wenyewe kwenda upande unaowapendeza. Jua likishuka, upande wenye watu wengi ndio umeshinda. Kwa hiyo kila ningi hutafuta kioja cha kuwavuta: mmoja ataleta chatu, mwingine ataleta ndege ya mbao yenye rubani ndani.

Mjomba ameshindwa mwaka juzi, ameshindwa na mwaka jana. Wapinzani wake wamepata mfadhili, mnunuzi binafsi wa pamba, aliyewapa fulana, jenereta na spika kubwa mbili. Wachezaji wa mjomba wameanza kuhamia huko mmoja mmoja, hata wale aliowafundisha kushika njuga. Keshokutwa Jumamosi wanakutana Nkoma. Akiachwa na uwanja mtupu mara ya tatu, hana kundi tena. Na mjomba asiye na kundi simjui ni mtu gani. Nadhani hata yeye hajijui.

Kwa nini manowari? Kwa sababu ya Guku, babu yangu mzaa mama, baba yake mjomba. Vita vya Mjerumani vilimkuta kijana, akachukuliwa na maelfu ya wengine kubeba mizigo. Kule pwani meli moja ya kivita ya Wajerumani ilikuwa imejificha kwenye mto Rufiji, ikapigwa, ikalala matopeni. Wajerumani wakaivua mizinga yake, wakaifunga magurudumu, wakaikokotesha watu nchi kavu. Guku alikuwa kwenye kamba ya mmoja wa mizinga hiyo. Meli yenyewe hakuwahi kuiona. Alirudi na kovu la kamba begani na wimbo mmoja wa Kisukuma ambao mjomba bado anauimba. Kwa Kiswahili ungekuwa hivi: manowari ya bomba tatu imelala matopeni, mtoto wake anatembea nchi kavu, nami ndiye mlezi wake.

Mjomba alitaka watu wa Nkoma wamwone mama wa huyo mtoto.

Nilikubali haraka mno. Niseme ukweli, sikukubali kwa ajili ya mjomba. Nilikubali kwa sababu tangu karakana ifungwe hakuna mtu aliyeniomba nitengeneze kitu chochote kinachohitaji rula. Nikajitia mtaalamu. Nikaja hapa kwa Dada Rehema, nikaandika jina la ile meli, jina la mji fulani wa kwao lenye vinukta viwili juu ya herufi, nikapata maandishi na picha. Maandishi nikayanakili kwenye daftari. Picha ilichukua muda wa mtu kwenda sokoni na kurudi mpaka ikafunguka. Nikaichapa, nyeusi na nyeupe, nikaibandika bandani juu ya meza.

Nikajenga kwa kipimo cha moja kwa hamsini. Urefu mita mbili na sentimita thelathini, upana sentimita ishirini na sita. Mjomba alipoona upana huo alishika kiuno. "Mwalimu, hii ni meli au ni mwiko? Mtu wangu ataingia wapi?" Nikamjibu kwamba vipimo ni vipimo. Mbao nilizitoa kwenye makasha, nikazigundisha na kuzipiga randa mpaka mabega yakafa ganzi. Madirisha ya mviringo ni vifungo vya mashati ya mitumba. Mabomba ya moshi niliyatengeneza kwa makopo ya dawa ya pamba, nikayaosha kwa sabuni mara tatu ili mtu asije akadhurika. Nilifunga na nyuzi za milingoti, moja moja, kwa kibano cha nyusi cha mke wangu, ambacho bado anakitafuta.

Mabomba niliweka mawili.

Picha ilikuwa na mawili. Mjomba akasema ni matatu, wimbo unasema matatu. Mimi nikasema picha inasema mawili. Akasema mizinga ilikuwa mmoja mmoja, kila mmoja peke yake na ngao yake ya chuma, Guku alimweleza. Nikamwonyesha picha: vibanda vitatu vya chuma vinavyozunguka, kila kimoja kimetoa midomo mitatu. Akaitazama, akasema, "Huyu siye." Nilicheka. Mungu anisamehe, nilicheka, nikamweleza mjomba wangu maana ya ushahidi wa kihistoria kama vile yuko kidato cha pili.

Wiki iliyopita waliichukua kwenda Sapiwi ili wabebaji wazoee kucheza nayo. Jumapili baada ya misa nikapanda baiskeli kwenda kuitazama. Nikakuta bomba la tatu! Wamelipigilia katikati ya yale mawili, kopo la mafuta ya kula, kubwa kupita kiasi, limeinama upande, chapa ya alizeti bado inaonekana. Na misumari! Misumari ya inchi tatu kwenye sitaha niliyoipiga msasa siku nne.

Sikuuliza kitu. Nilitoa koleo kwenye mfuko wa baiskeli nikaling'oa mbele yao wote, wachezaji, wapiga ngoma na kina mama waliokuwa wanatwanga. Na nikasema, kwa sauti ya darasani, "Guku hakuwahi kuiona hii meli. Alitunga tu ili apewe pombe."

Nasoma sentensi hiyo hapa kwenye kioo na sijui niliitoa wapi.

Mjomba hakunitukana. Alilichukua lile kopo chini, akalifuta vumbi kwa mkono, akasema, "Basi chukua meli yako." Nikaichukua. Fikiria mwalimu mtu mzima amefunga manowari ya mita mbili na zaidi juu ya baiskeli, anaisukuma njia nzima kurudi Bariadi, na kila anayekutana naye anamsalimu kwa adabu huku macho yapo kwenye mzigo. Nilikuwa nimekasirika kiasi kwamba sikuona aibu. Nilijiona nimeutetea ukweli.

Jumatatu sikulala vizuri. Jumanne mke wangu aliniambia, "Meli umeipata. Na mjomba je?" Nikamwambia nitampelekea ushahidi wa pili, aone mwenyewe, halafu tutaelewana. Ndiyo, hiyo ndiyo ilikuwa njia yangu ya kuomba radhi.

Jana Jumatano nikaja hapa baada ya vipindi. Intaneti ilikatika mara mbili, umeme mara moja. Nikaandika jina lile lile, safari hii nikaongeza neno Rufiji, ambalo mara ya kwanza sikulifikiria hata kidogo. Mimi, mwalimu wa historia! Picha ikaanza kushuka kutoka juu, mstari kwa mstari, kwa ule mwendo wake wa kukera. Kwanza ulionekana moshi. Kisha bomba moja. La pili.

La tatu.

Nikasoma kwa mara ya kwanza kwa makini. Wajerumani waliipa meli nyingine jina hilo hilo, baada ya ile ya kwanza kuzama. Wakaja wakatengeneza nyingine tena, miaka mingi baadaye, nayo ikapewa jina hilo hilo. Watu gani wanaofanya hivyo? Picha niliyoibandika bandani miezi yote hii ilikuwa ya hiyo ya mwisho, meli ambayo haijawahi kukanyaga kwetu na ambayo Guku alipokuwa anavuta kamba haikuwa hata imechorwa.

Kinachoniudhi kuliko yote ni kwamba dalili nilikuwa nazo. Maandishi niliyonakili yalikuwa ya meli yenyewe, picha ndiyo ilikuwa ya nyingine. Vipimo na picha havikulingana hata siku moja, na mimi nikailaumu printa ya Dada Rehema. Maandishi yalisema mizinga kumi, kwenye picha nikahesabu tisa, nikaamua wa kumi umejificha nyuma. Niliamua! Daftari likaniambia, picha ikaniambia, mjomba akaniambia waziwazi "Huyu siye", nami nikaona heri niamini chochote kuliko kumwamini mtu aliyeupata ukweli kwa kuimbiwa.

Mizinga kumi, mmoja mmoja, kila mmoja na ngao yake. Mabomba matatu. Hata pua ya mbele siyo, hii ya kweli inachomoza kwa chini. Kila alichosema mzee wa watu kipo kwenye picha.

Nilichapa nakala moja nikapanda baiskeli na upepo usoni. Njia nzima nilikuwa natunga maneno, na kila nilipoyapanga niliyasikia yanafanana na hotuba ya mkuu wa shule. Nilipofika Sapiwi walikuwa uwanjani, wachache kuliko Jumapili. Walikuwa wanafanya mazoezi mikono mitupu, wabebaji wamenyanyua mabega chini ya kitu kisichokuwepo. Nikasimama pale pale niliposimama na koleo.

"Mwadila, mjomba," nikamsalimu.

"Mwadila."

Nikasema mbele yao wote kwamba nilijenga meli siyo. Nikasema bomba ni tatu. Nikasema mizinga ilikuwa mmoja mmoja na Guku hakutunga, mimi ndiye niliyetunga. Jina la Guku nililitaja mara mbili. Mama mmoja mwenye mchi alisema, "Haya, mwalimu kafaulu," na wengine wakacheka, na kwa kweli nilistahili zaidi ya hapo.

Mjomba hakucheka. Aliomba karatasi. Alikuwa hajawahi kuiona meli hiyo maishani mwake, ameiimba tu, na baba yake kabla yake aliiimba tu. Alikaa kwenye kigoda, akailaza karatasi juu ya paja, akaanza kuhesabu mabomba kwa kidole. Akayahesabu tena. Nilingoja aniambie, "Nilikwambia." Nilikuwa nimejiandaa kabisa kuambiwa hivyo, na nadhani ningepumua.

Badala yake akaniita mwanangu, akaniuliza, "Ng'wanawane, na wa Guku ni upi?"

Sikuelewa. Akagonga karatasi pale kwenye vitu vyeusi vidogo pembeni ya meli. Alitaka kujua, katika hii mizinga, ni upi ambao baba yake aliuvuta.

Mimi mwenye daftari, mimi mwenye kipimo cha moja kwa hamsini, sikuwa na jibu. Hakuna atakayekuwa nalo, si hapa wala kwao Ujerumani. Majina ya waliovuta hayakuandikwa popote. Nikamwambia sijui, mjomba. Nikaogopa nimemvunja moyo kwa mara ya pili ndani ya wiki moja.

Akaendelea kuitazama ile picha, uso ameusogeza karibu mpaka kofia ikagusa karatasi. Kisha akaweka kidole juu ya mmoja, wa ubavuni, katikati, ule ambao wino wa printa umeufifisha zaidi ya wengine wote. "Huu," akasema.

Ningeweza kumuuliza amejuaje. Wiki iliyopita ningemuuliza.

Dada Rehema ananionyesha saa ya ukutani, kipindi changu cha mchana kinakaribia. Nina alasiri ya leo, kesho yote, na asubuhi ya Jumamosi kabla wabebaji hawajaja. Linatakiwa bomba la tatu, mizinga kumi kwa mirija ya kalamu, ngao kumi kwa bati, na pua mpya nisiyojua nitaibandikaje. Sijui kama itawatoa watu kwenye spika za mnunuzi wa pamba. Nina wasiwasi mkubwa kwamba haitawatoa.

Nikitoka darasani naanza na huo wa ubavuni. Ile mingine tisa itasubiri.