Ile Sita Niliyoifuta

Baba Naserian,

Tangu tukuzike kule Kajiado, asubuhi hakuna wa kunisalimia kwa Kimaasai, "takwenya", na kungoja niitikie "iko" kwa lafudhi yangu ya Bungoma. Chumba chetu cha kazi hapa Kitengela bado kiko. Kiti chako sikikalii. Leo nina jambo zito, na nisipokuambia wewe sijui nimwambie nani.

Unakumbuka safari zako za visima vya mafuta Sudan? Geji ilishushwa chini kupima presha na kurekodi saa kwa saa yake yenyewe, na wewe huku juu ukiandika daftarini saa ambazo vali zilifunguliwa. Miaka minne tukaunda programu ya kuoanisha hayo mawili, ituambie ni tabaka gani la mwamba linatoa mafuta na lipi linatoa maji. Ulikuwa mkaidi! Nikikuomba uandike maelezo kando ya mistari yako, ulicheka: "Si niko hapa? Utaniuliza."

Haya, nauliza. Mwezi uliopita nikisafisha programu, nilikuta mstari unaoongeza sita kwenye saa zako. Sita ya nini? Nikadhani ni kosa ulilofanya ukiwa mgonjwa. Nikakuhurumia, nikaufuta. Kisha nikaitumia kampuni ya mafuta ripoti ya kile kisima chako cha mwisho, ambacho namba zake ulikuwa umeshaziingiza mwenyewe.

Leo Mama Naserian ameniletea daftari lako. Nimesoma: "Saa 4 asubuhi, vali wazi, chai hakuna." Saa nne yetu! Saa ya geji, ya Kizungu, ilikuwa inasoma kumi. Mtu wa kompyuta mzima, uliandika saa kama mama yako anavyozitaja, na programu ikakuelewa. Mimi ndiye sikuelewa.

Nimeirudisha ile sita. Maji yanatoka tabaka la juu. Ripoti yangu ilisema la chini, na kesho asubuhi wataliziba kwa saruji. Ndilo lenye mafuta, Baba Naserian. Saruji ikishashika, basi.

Naogopa. Wakijua, huenda wasituamini tena, na kazi yako yote itupwe. Tena nisamehe: kwa muda mrefu leo nimefikiria kuwaambia kosa lilikuwa lako. Nani angebisha?

Sitafanya hivyo. Nakuahidi, hutalaumiwa kwa sababu tu huwezi kujibu. Nitawaambia mstari wako ulikuwa sahihi, na aliyeufuta ni mimi, Nekesa.

Lala salama, mwalimu wangu. Nashika simu sasa, kabla sijabadilisha nia.