Bate ya Vipande Vitatu

Kasapa, Lubumbashi
Jumatatu asubuhi

Kwako Baba yangu, fundi Amadi,

Asalam aleikum. Ninakusalimu kwa heshima ya mtoto kwa mzazi wake, na ninatumaini goti limepunguza kukuuma tangu ufike Kasongo. Je, Nyanya bado anakataa dawa mpaka amwone kwanza aliyeileta? Mvua huko imeanza? Sisi huku ni wazima. Mama anauza vitambaa vyake, anakusalimu sana, na anauliza kama blanketi la kahawia ulilisahau au ulimwachia.

Barua hii nimempa Mjomba Souleymane anayekuja huko akukabidhi mkononi, kwa sababu kwa simu nisingeweza. Wewe huweka sauti juu na ua mzima unasikiliza, hata waliokuja kuomba moto tu. Ninayotaka kukuambia ni yako kwanza.

Wiki iliyopita nilipita mtaani kwetu Kasungami. Karakana yako bado imefungwa. Jirani yetu, Mama Victorine, alikuwa anapikia maharage zile bate nne za kriketi ulizokuwa umeanza kututengenezea, ukampa azifanye kuni kabla hujaondoka. Ilibaki moja. Alinionyesha mpini wake na kusema kwa utani kwamba kuni hizi zinaivisha haraka, maana zilitengenezwa ili watu wakimbie. Nilicheka kwa adabu. Kisha nikazunguka nyuma ya choo chake nikatapika.

Niruhusu nianze mwanzo, kwa sababu wewe habari hii uliisikia nusunusu.

Unakumbuka timu yetu ya wasichana hapa chuoni ilikuwa na bate moja tu, zawadi ya mfanyabiashara Mhindi, nayo ilikuwa imepasuka. Ulikuja Jumamosi moja, wewe ambaye hukuwahi kuona mchezo huo, ukakaa juu ya jiwe ukatazama mpaka mwisho bila kuuliza nani anashinda. Halafu ulimwomba Sephora, nahodha wetu, akupe ile bate, ukaipima juu ya vidole viwili. Ulisema mti wao wa Ulaya hatuna, lakini wepesi unatafutwa. Ukaupata katika mbao za makasha yanayoleta mashine za migodini. Ulipasua vipande vitatu, ukavipiga randa, ukavipaka gundi na kuvibana siku tatu. Sephora alipoupiga mpira wa kwanza alirudi kwako anacheka, akasema, “Fundi, hii inaongea.” Uliinama ukajifanya unafunga kamba ya kiatu. Nilikuona ulivyofurahi.

Mistari ya viungo uliiacha wazi. Ndiyo desturi yako, na ilikuwa ya baba yako: mteja lazima aone ubao unapokutana na ubao. Hata mlango wa mtu mkubwa huutoi karakanani kabla ya kupitisha penseli kando ya kiungo na kumwonyesha mwenyewe kwa kidole. Nimeona wateja wakiondoka kwa sababu hiyo, wakaenda kwa mafundi wanaojaza nyufa unga wa mbao na kupaka vanishi.

Siku ya mashindano, Bwana Stanislas, mkuu wa kamati, alikuwa anakagua bate mezani mbele ya timu zote, hata wageni waliotoka Kitwe, ng'ambo ya mpaka. Ana ukucha mrefu wa kidole cha mwisho, anaufuga, wa njano. Ya kwetu ilikuwa imefunikwa mgongo na kingo kwa karatasi nyeupe ya plastiki. Aliupitisha ukucha ule pembeni mpaka akapata ncha ya karatasi, akaanza kubandua taratibu, kama mtu anayebandua plasta kwenye kidonda cha mtu asiyempenda. Mistari ikatokea. Akaiinua juu akasema, “Munaona? Bantu ya Kasungami banatuletea mulango, banasema iko bate.” Watu wakacheka. Akauliza nani ameitengeneza, Sephora akataja jina lako. Stanislas akaizuia bate, akajifuta mkono kwenye suruali. “Basi Amadi njo fundi wa kuficha.” Mtu alikuwa ameshapiga picha. Kabla jua halijazama ilikuwa imepita kwenye kundi letu la simu na kufika hadi kwa watu uliowatengenezea vitanda.

Kesho yake ulivaa kanzu yako ya Ijumaa ukaenda kwake, nami nilikufuata nyuma. Hakuinuka kwenye kiti. Aliendelea kumenya karanga, maganda yakiangukia karibu na viatu vyako, akasema bate ya gundi ni udanganyifu na sheria ni sheria. Ulimwomba akuonyeshe hiyo sheria. Alisema, “Mzee, ile haiko ya kusoma na randa.” Ulimwambia kwamba katika miaka thelathini hukuficha kiungo hata kimoja, naye akakuonyesha kwa kidevu ile karatasi iliyokuwa bado inaning'inia kwenye bate, pale mezani pake. Uliitazama. Halafu ukanitazama mimi. Baada ya wiki ulisema Nyanya anakuhitaji Kasongo, na kwamba fundi anayechekwa na watoto bora alime.

Tangu hapo, Baba, nimeishi na kinyaa kama mtu aliyekanyaga kitu na harufu inamfuata chumba hadi chumba. Kilinijia kwa Stanislas na ukucha wake. Kilinijia kwa Sephora, aliyesema, alipoulizwa, kwamba yeye anapiga mpira tu, mambo ya mbao hayajui, ilhali alikuwa anailaza bate yako kitandani pake kama mtoto. Kilinijia kwa wasichana wenzangu waliocheka pamoja na uwanja, kisha wakaniuliza kama baba yangu angeweza kuwarekebishia meza. Nilikuwa nikikaa darasani nawahesabia makosa yao mmoja mmoja, na hesabu ile ilinipa raha mbaya.

Mwezi huu mwamuzi mmoja wa Kitwe, mama anayeitwa Musonda, alirudi kusimamia mechi. Nilimwendea na picha ya bate yako, na maneno niliyoyapanga kama wakili. Alinisikiliza anakunywa chai. Akasema zamani bate za vipande zilikuwa za watoto, watu wazima walitakiwa kuwa na bamba la kipande kimoja. Lakini mti wenyewe umekuwa adimu, na sheria imefunguliwa. Mechi kubwa za mataifa ndizo zinazobaki na kipande kimoja. Michezo ya ngazi yetu inaruhusu bate ya vipande vilivyounganishwa kwa gundi. Tena kanuni za mashindano yetu, alinionyesha kwa kidole, zilidai jambo moja tu: bate ya namna hiyo itangazwe mezani kabla ya mchezo. Aliikuza picha kwenye simu, akasema kazi hii ni safi, ingepita. Kilichoikataza ni kule kufunikwa. Akaniuliza, bila ukali wowote, karatasi ile aliibandika nani.

Nilimjibu kwamba sijui.

Ni mimi, Baba. Mimi Rabia.

Ilikuwa siku moja kabla ya mashindano. Wasichana wa bweni walikuwa wameiita bate yako kasha la samaki, na mgongoni kulikuwa bado na herufi mbili nyeusi za kasha ambazo randa haikuzimaliza. Niliitazama ile mistari nikaona aibu. Sikuwaonea aibu waliocheka, niliona aibu ya mikono yako. Nilinunua karatasi ya plastiki ile ya kufunikia madaftari, nikaibandika kwa rula, nikitoa mapovu taratibu kama Mama alivyonifundisha nilipoingia shule ya msingi. Nilijisifu kwamba nimefanya kazi nzuri. Na Stanislas alipouliza, nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka mezani. Nilikuwa na nafasi ya kusema pale, na siku uliyovaa kanzu, na siku ulipofunga begi. Mtu niliyekuwa namchukia kwa miezi miwili kwa sababu alikaa kimya wakati jina lako linachafuliwa ni mimi, si Sephora.

Alhamisi nilikwenda kwenye mkutano wa kamati nikasema yote mbele ya timu. Niliyaandika pia katika kundi lile lile la simu ilikopita picha ya bate yako. Stanislas alicheka. “Kumbe mutoto njo iko na kole,” alisema, yaani mwenye gundi ni mtoto. Lakini Mama Musonda alikuwepo, akamwomba asome kanuni kwa sauti, naye akasoma, polepole, kama mtu anayemeza mfupa. Mimi nimefungiwa kucheza msimu mzima. Jina lako limeondolewa kwenye lawama, na bate imeruhusiwa. Wachache kati ya walioandika matusi wameyafuta. Ninajua maneno hayarudi yote yalikotoka.

Jumapili ijayo kuna mechi. Nimeomba ruhusa ya jambo moja nikapewa: niipeleke bate mezani mwenyewe. Nitasema ni ya vipande vitatu, na nitaonyesha kila kiungo kwa kidole. Halafu Sephora ataichukua aingie uwanjani, nami nitakaa nje. Lakini kama hutaki ichezwe tena, nitumie neno kabla ya siku hiyo. Ni kazi yako, na sina tena haki ya kuamua ionekane vipi.

Sikuombi urudi. Sikuombi hata msamaha kwa barua, kwa sababu ungeutoa haraka, na mimi ningeupokea haraka. Nitauomba nikiwa mbele yako.

Mpe Nyanya salamu zangu, pamoja na shangazi zangu wote na watoto wao. Mwenyezi Mungu akulinde na akurudishie nguvu za goti.

Ni mimi mtoto wako,
Rabia