Mtama Uliouonja Kabla Yetu

Mama wa boma la Busibwabo, wewe uliyenizalia mume,

Leo ni siku ya mtama mpya. Nimekaa kwenye kiti chako cha kamba, mlangoni pa nyumba yako, naandika kwenye daftari la shule la mjukuu wako. Watoto wameshanawa mikono, na kivuli cha ghala hakijafika hata nusu ya uwanja. Chungu cha uji kimefunikwa kule jikoni. Kibuyu changu nacho nimekifunika, kiko hapa miguuni, na hakuna anayejua kwamba sijakionja. Barua hii nitaisoma kwa sauti mbele yao wote kabla kivuli hakijagusa mlango wa jikoni. Nisamehe ikikuaibisha, ingawa wa kuaibika hapa ni mimi.

Unakumbuka mwaka nilipoolewa? Nilikuja na mdomo wangu wa Malaba, nikijiona najua kila kitu. Kwetu mavuno yalikuwa kuvuna, kuanika, kula, basi. Hapa nikakuta unaletewa kibuyu cha uji wa mtama mpya asubuhi, unakunywa peke yako mbele ya boma zima, halafu watu wote wanashinda na njaa hadi kivuli cha ghala kifike mlango wa jikoni. Nikanong'ona kwamba mkubwa anashiba na wadogo wanameza mate. Wewe na masikio yako! Ulicheka tu, ukanipa sufuria zote nisugue.

Lakini jioni zile zilikuwa tamu, sitakataa. Ndugu zako walikuwa wanatoka Rukala, kule ziwani, na samaki wa moshi, unafunua chungu mwenyewe, unampaka kila mtoto unga kidogo kwenye paji la uso kabla hajapewa uji. Hata mimi ulinipaka, mtu mzima na matiti yake.

Mwaka wako wa mwisho ulinipa shamba la chini nifukuze ndege. Ilikuwa kazi yangu, mke wa mwanao mkubwa, na niliikubali kwa mdomo. Lakini nilikuwa na meza ya viatu vya mitumba kule Busia karibu na malori, na wateja wa ng'ambo ya mpaka hawakungoja. Nikawa nachelewa kurudi. Siku nyingine shambani sikanyagi kabisa. Ndege wakala mpaka masuke yakabaki matupu.

Ningekuambia tu. Ungenifokea siku mbili, ya tatu ungenitania, yangeisha. Badala yake nilizunguka sokoni kutafuta mtama mwekundu kama wetu, ili usijue. Nikaupata kwa mama mmoja, naye akaniambia waziwazi kwamba ule ni wa kupanda, umetiwa dawa, usiliwe. Nikamwambia napanda. Nikaubeba kwa boda boda, nikauosha mara tatu, nikauanika juu ya turubai hadi harufu ikaisha. Nilijiambia imeisha.

Asubuhi ya sikukuu ulivuta funda moja. Ukanitazama juu ya ukingo wa kibuyu.

"Mtama huu umetoka wapi?"

"Shambani kwako, Mama."

Ukaniamini. Ukakinywa kibuyu chote.

Kabla ya adhuhuri jasho lilikuwa linakutiririka na mate yanakutoka. Ulijikokota hadi jikoni, ukauburuta ule chungu, ukamwaga uji wote chooni. Ukawaambia watu mjusi ameanguka ndani. Watoto walilia, shemeji yangu akanung'unika kwamba uzee umekuchanganya. Mimi nilisimama pale na mwiko mkononi.

Ulipolazwa kitandani ulinishika mkono, ukanieleza siku hii ilianzaje. Kwamba mwaka wa njaa kubwa, bibi wa kwanza wa boma hili alipika nafaka aliyoikuta kwenye shimo la akiba la watu waliohama. Kwa huruma aliwapa watoto kwanza. Akazika wanne. Mwaka uliofuata alipovuna ya kwake, alikunywa peke yake asubuhi, akawazuia wengine hadi jioni, akijitazama.

"Hatuonji kwa sababu ya ukubwa," ulisema. "Tunaonja ili watoto wasife."

Hukuniuliza tena kuhusu mtama. Siku ya pili ukatuacha. Watu walisema ni presha, nami nikaitikia presha, nikapika chai ya matanga. Tangu hapo naonja mimi, na kila mwaka nakawia kunywa, watu wakidhani ni kwa kukukumbuka.

Sasa sikiliza, Mama. Mwaka huu mguu wangu ulivimba, nikamwachia Nafula shamba la chini. Nafula ni mke wa mwanangu, hukumkuta. Anafanya kazi Malaba, kwenye ofisi ya karatasi za malori. Ni binti mchangamfu, ananiita Mama hata akiwa amenikasirikia. Jana nilijikongoja na fimbo hadi shambani. Masuke ni matupu, yote. Nikarudi bila kusema kitu, nikitumaini atasema yeye.

Leo asubuhi ameniletea kibuyu kimejaa. Nikamuuliza swali lako. Akatazama vidole vya miguu yake, akanijibu maneno yangu yaleyale, neno kwa neno. Nikamwambia asante, nikasingizia mguu unauma, nikaingia nacho ndani, na wote wakaamini nimekunywa.

Labda ni mtama safi tu wa sokoni. Sijui. Nimeunusa hadi pua imechoka, na sijui.

Kivuli kimefika kwenye jiwe la kusagia. Nafula amepita hapa mara tatu, kila mara akiniangalia usoni, kama natokwa na jasho. Mara ya mwisho macho yake yalikuwa mekundu. Nami nilipita hivyohivyo mlangoni pako.

Kwa hiyo nitasimama nisome. Mwanao atasikia leo kilichomuua mama yake, kutoka mdomoni mwa mke wake, na sijui kama usiku wa leo nitalala katika boma hili. Iwe hivyo. Kisha nitamgeukia Nafula nimuulize mara ya pili, akiwa ameshasikia kwamba hana kosa linaloweza kushinda langu. Akisema kweli, tutaumwaga uji huu pamoja. Akinyamaza, nitaumwaga peke yangu, na sitamtaja mjusi.

Wewe uliniamini, ukanywa. Mimi nampenda huyu mtoto, na sinywi.

Usinisamehe upesi, Mama. Kivuli kimebakiza hatua mbili, nao wameanza kupanga vikombe.

Ni mimi, mke wa mwanao mkubwa, niliyekujibu, "Shambani kwako."